Gari la Ubavu kwa Ubavu: Barua kutoka Vermont

Kwa jenabu ya Ami yangu mpenzi, pamoja na Shangazi na jamaa wote wa barazani hapo Wete, Pemba.

Nakuleteeni habari moja ambayo nisingethubutu kumwandikia mtu asiyenijua, kwa kuchelea asije akadhani kuwa theluji imekwisha kuniingia kichwani: asubuhi moja nilikemewa na gari.

Sisemi kuwa nimekemewa na dereva, wala na askari wa barabarani, wala na abiria niliyemkanyaga kidole, kwani hayo yote yalinipata nikiwa kwetu na nikayazoea. Nasema gari lenyewe, lililokuwa limesimama kimya chini ya mti kama ng'ombe anayecheua, ndilo lililonikemea. Nilikuwa nimelipanda, nimelitia moto, nimekanyaga mafuta kwa adabu zote, likaenda. Nikakanyaga zaidi, likaongeza kidogo. Nikakanyaga mpaka mguu ukagota, nalo likagoma pale pale kwenye maili 15 kwa saa, ambazo ni kilomita 24 hivi, likawa languruma bila ya kuongeza hatua, huku taa nyekundu inanimulika usoni na sauti nyembamba inalia mfano wa kifaranga aliyepotewa na mama yake. Nikadhani limeharibika. Nikashuka, nikalizunguka, nikayapiga magurudumu mateke kama nilivyowaona wajuzi wa magari wakifanya tangu utoto wangu, ingawa mpaka leo sijajua muradi wa mateke hayo. Nikapanda tena, nikayakuta yale yale. Ndipo alipotokea jirani mwenye gari, mzee wa makamo yako Ami, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, akanyoosha mkono bila ya kusema neno, akauvuta ukanda wa kiti uliokuwa ukining'inia begani pangu, akanifunga kama mtoto afungwavyo mbeleko, pakasikika "ta!", na gari likaruka mbele kama mtu aliyeombwa radhi akaridhika.

Wazee wetu walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hawakutwambia kuwa iko nchi ambamo kamba hiyo hufungwa kifuani, na kuku mwenyewe ndiye atakiwaye kujifunga.

Siku zangu za kawaida siziandiki, maana siku ya kawaida hapa ni kama siku ya kawaida hapo, ila haina adhana wala harufu ya karafuu juani. Lakini la gari sina budi kulieleza kwa urefu, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wewe Ami, katika barua yako ya mwisho, uliniuliza kama ni kweli kuna vigari vya shamba huku Marekani vinavyopita katika matope, mabonde na magogo, na kama itakuwa ni busara umuuze yule fahali mwekundu pamoja na gari lake, ili nikutafutie kimoja. Ya pili ni kwamba Bibi mwenye shamba, ambaye mimi ni mwangalizi wa eka zake 60, ameniona siku moja nimekaa juu ya toroli katikati ya kilima, nimeshika kiuno, nikisema na Mola wangu kwa Kiswahili. Naye kwa insafu yake akaamua kuwa toroli limefika mwisho wa ujira wake, akanipa kazi ya kuchagua gari la kubebea kuni, mawe, majani na maji ya miti. Kwa hiyo miezi miwili hii nimekuwa dalali asiye na mali, nikizunguka na kuuliza, na elimu niliyoipata ni kubwa kuliko nilivyostahiki.

Wenyeji wa huku gari hili huliita kwa maneno yao yenye maana ya "ubavu kwa ubavu", kwa kuwa waliopanda hukaa wawili bega kwa bega, si kama pikipiki ya magurudumu manne ambayo mtu huipanda kama apandavyo punda. Lina usukani, lina kanyagio za mafuta na breki, lina vyuma vinene vilivyopindwa juu ya vichwa vya waliomo kama mbavu za jahazi lisilopigwa mbao, na nyuma lina tumbo la chuma au la plastiki ngumu ambalo likishajazwa huinuliwa likamwaga mzigo wenyewe. Kwa umbo ni mtoto wa bajaji na trekta, aliyerithi kelele za baba na ukaidi wa mama.

Na majina yake, Ami! Kampuni ya Kawasaki ilitoa la kwake mwaka 1988, ikaliita Mule, yaani baghala. Si baghala lile la tanga lililokuwa likitujia na kaskazi kutoka Ghuba, bali baghala mnyama, mwana wa farasi na punda. John Deere wao wana Gator, ambalo ni jina la mkato la mamba wa huku. Can-Am ni ya watu wa Quebec, ambao ni majirani zetu kwa upande wa kaskazini. Iliyonigusa moyo ni Polaris, kampuni iliyoanzia Minnesota mwaka 1954, kwa sababu Polaris ndiyo nyota ya jaa, ile ile ambayo manahodha wetu waliitazama wakielekea Uarabuni; na usiku ule niliolisoma jina hilo nilitoka nje nikaitafuta, nikaikuta iko juu sana huku, karibu nusu ya mbingu, ilhali kwetu imezama chini ya upeo, haionekani kabisa. Nikajua hapo nimefika mbali kiasi gani, nikarudi ndani upesi, kwa kuwa baridi haimwachi mtu akahuzunika kwa nafasi.

Nami naishi Vermont, jina ambalo asili yake ni Kifaransa na maana yake ni mlima wa kijani. Waarabu wa kale walikiita kisiwa chetu Al-Jazirat al-Khadra, kisiwa cha kijani. Hivyo mtu angesema nimetoka kijani nimeingia kijani. Ila kijani cha Pemba ni cha mwaka mzima, na hiki cha huku ni cha mkopo: hutolewa mwezi wa tano, na mwezi wa kumi wenyewe huja kukidai.

Turejee kwenye kuchagua. Swali la kwanza ambalo muuzaji yeyote atakuuliza ni uzito gani unataka kubeba, na hapo ndipo hesabu yangu ya madrasa na ya skuli ziliposhikana mashati. Magari makubwa ya jamii hii, aghalabu, tumbo lake huandikiwa ratili 1,000. Mimi, ambaye akili yangu haikubali uzito usiopimwa kwa frasila, nimekaa chini nikagawa: frasila ni ratili 35, basi ratili 1,000 ni frasila 28 na nusu za karafuu kavu. Nikafurahi. Nikamwambia muuzaji kuwa kwetu mzigo huo ni mali ya mtu na heshima yake. Akaniuliza karafuu ni nini. Nikamweleza ni zile wanazozichoma kwenye nyama ya nguruwe siku za sikukuu zao, akasema "Ah!", nami nikanyamaza, kwani hiyo haikuwa njia niliyoitaka ya kuisifu nchi yangu.

Kisha akanionyesha hesabu ya pili, ambayo ndiyo iliyonishangaza. Mbali na uzito wa tumboni, kila gari limeandikiwa uzito wa jumla wa vyote lililobeba, na katika jumla hiyo huhesabiwa dereva, na mwenzake, na kila kikorokoro kilichofungwa juu yake, paa, kioo, taa na winchi. Maana yake ni kuwa mimi mwenyewe, niliyekuwa nikijidhania kuwa ni mchukuzi, katika sharia ya gari hili ni mzigo. Muuzaji, kwa adabu, akaniuliza uzito wangu. Nikamtajia ule niliokuwa nao nilipopanda ndege kutoka Zanzibar. Akanitazama tumboni, akaandika mwingine.

Na zaidi ya hayo, iko mashine moja ya Kijapani ambayo karatasi yake ya vipimo yasema tumbo lake hubeba ratili 1,000, isipokuwa katika jimbo la California, ambako hubeba ratili 600. Nimeisoma mara tatu nikidhani ni kosa la mpiga chapa. Gari ni lile lile, chuma kile kile, springi zile zile. Lakini likishavuka mpaka wa California kwa nguvu ya kanuni tu hudhoofika kwa frasila 11 na zaidi. Nami nimewahi kumwona mwanadamu aliyekuwa na nguvu Wete akadhoofika alipofika Mkoani kwenye kazi ya kuteremsha saruji, ila yule alikuwa na ulimi wa kujitetea.

Basi nikajua kuwa haifai kuuliza gari laweza kubeba nini. Lifaalo ni kuuliza mimi nina nini cha kubeba. Nina kuni. Kipimo cha kuni huku ni rundo la futi 4 kwa 4 kwa 8, ambazo ni futi za ujazo 128, na rundo moja la mti mgumu mbichi hupita ratili 4,000, yaani frasila 114 na ushei. Shangazi, ambaye amebeba kuni kichwani miaka yote ya ujana wake bila ya kuzipima kwa futi, na anihurumie. Tena nina maji ya miti. Mwishoni mwa kipupwe, usiku kukiwa barafu na mchana jua, miti waiitayo mepo hutobolewa shinani, ikatoka maji membamba yenye utamu wa mbali, wakayachemsha usiku na mchana mpaka galoni 40 zikawa galoni 1 ya asali nyekundu ambayo Vermont ndiyo mashuhuri kwayo kuliko jimbo lolote la Marekani. Ni ugema, jamaa zangu, ila mgema hapandi juu, wala kinywaji hakilevi, nakuapieni. Na kwetu mgema akisifiwa tembo hulitia maji; huyu wa huku akisifiwa huyaondoa maji, sehemu 39 katika 40. Galoni 100 za maji hayo, bila ya tangi, zina uzito wa ratili 840 hivi, ambazo ni frasila 24. Ndiyo kusema gari dogo lenye tumbo la ratili 500 litanilazimisha kwenda mara mbili kwenye matope ya magoti. Hivyo ndivyo lilivyopatikana sharti la kwanza: tumbo la ratili 1,000, na California wasinisikie.

Sasa nikupeni kioja cha nyasi. Katika magari mengi ya aina hii, karibu na usukani pana swichi: ukiibonyeza upande huu, magurudumu yote manne hukokota, ukiibonyeza upande ule, hukokota ya nyuma tu, yote mawili yakiwa yamefungamana, na ukiibonyeza mahali pa tatu, yale mawili ya nyuma huachana, kila moja likazunguka kwa mwendo wake. Nikauliza hii ya tatu ni ya nini. Ya matope, ya mlima, ya mchanga? Nikajibiwa: ni ya kuyahurumia majani. Maelezo yake ni kwamba gari likikata kona na magurudumu ya nyuma yamefungamana, la ndani hulazimishwa kwenda mwendo wa la nje, likawa laburura ardhi na kuling'oa jani. Basi wahandisi wenye shahada zao wamekaa, wakafikiri, wakachora, wakatengeneza swichi nzima ili jani lisiumie.

Ami, wewe wajua nilivyolelewa. Kila alfajiri ya utoto wangu nilishika jembe na ufagio, na jani moja likionekana uani kwetu Shangazi alilichukulia kuwa ni aibu ya ukoo na maficho ya nyoka. Ua safi lilikuwa ni mchanga mtupu wenye mistari ya ufagio. Leo Bibi mwenye shamba ana uwanja wa majani wenye ukubwa wa kiwanja cha mpira, ambao hupandwa kwa fedha, hulishwa mbolea kwa fedha, na yakishakuwa marefu hukatwa kwa fedha, wala hapana mbuzi hata mmoja arudishaye faida. Siku ya kwanza nilipokata kona juu yake nikiwa nimesahau swichi, niliacha alama mbili nyeusi kama nyusi za mtu mwenye ghadhabu. Bibi hakusema kitu. Alisimama akaziangalia muda mrefu, kama mtu asimamavyo penye kaburi. Nimeamkia hapo siku nne, nimepiga magoti, nikipandikiza majani jani kwa jani kwa mikono ile ile iliyokuwa ikiyang'oa. Na nadhani kama Shangazi angeniona, angelia au angecheka, au angenitafutia mganga.

Baada ya swichi, ukanda. Na huu si ule wa kifuani, bali ni wa ndani, na ndio ulionigharimu. Magari mengi ya ubavu kwa ubavu hayana gia kama tuzijuazo. Yana puli mbili, na kati yake umepita mkanda mpana wa mpira. Puli hizo hujibana na kujipanua zenyewe, mkanda ukapanda na kushuka, na kwa kupanda na kushuka huko ndiko mwendo unavyobadilika bila ya dereva kugusa kitu. Ni ufundi wa shani. Ila una adabu yake: mzigo ukiwa mzito au mlima ukiwa mkali, dereva aweke kigingi kwenye gia ya chini, kwani akikaidi akabaki kwenye ya juu, mkanda huteleza juu ya puli, hupata moto, na huungua. Yako mengine yasiyo na mkanda, ambayo ndani yake mna pampu isukumayo mafuta mazito na mafuta ndiyo yazungushayo magurudumu, mwendo wake pole lakini yana subira ya ngamia. Na yako mengine yenye gia za kweli na klachi mbili. Yote haya nilikuwa nimekwisha yasoma, nimeyaandika daftarini, na ningeweza kuyatolea darsa.

Kwa elimu hiyo, nikaazima gari la jirani kwa siku mbili, nikalipakia kuni mpaka zikafurika, nikapanda nalo kilima nikiwa katika gia ya juu. Nilikuwa naimba. Nusu ya njia nikasikia harufu, na kwa kuwa mtu aliye mbali na kwao hukimbilia wema katika kila harufu, nikadhani ni Bibi anachoma mahindi. Nikaendelea. Harufu ikazidi, moshi mweupe ukatoka chini ya kiti, injini ikapiga kelele na gari likabaki palipo. Kisha, kwa taratibu na bila ya ugomvi, likaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki, nikakaa hapo mlimani nikiwa nimefungwa ukanda wa kifua kikamilifu, maadamu lile somo nilikuwa nimelishika, huku nikiuunguza ule mwingine.

Nilikwenda kwa jirani kwa miguu, nikiandaa maneno ya kuomba radhi kwa Kiingereza changu cha skuli, ambacho kina adabu nyingi kuliko kinavyohitajiwa na watu wa huku. Nilipofika "kwa masikitiko makubwa" alikwisha simama na kuvaa kofia. Alinusa nguo zangu, akasema "Mkanda," akaingia ghalani, akatoka na mpya aliokuwa ameutundika ukutani. Tukapanda kilima pamoja. Akanionyesha jinsi ya kufungua kifuniko, kupanua puli, kuuchomoa uliokufa na kuuvisha ulio hai, na mabaki ya nyuzi nyeusi kuyafuta yote, maana yakibakia yatauua na huu. Saa nzima tukafanya kazi, naye katika saa hiyo alisema maneno yasiyozidi ishirini. Nililipa bei ya mkanda. Ya kazi akaikataa, akasema nitamsaidia kuvuna majani ya ng'ombe mwezi wa saba. Hapo ndipo nilipomfahamu, Ami, kwa sababu hilo ni neno lako wewe.

Nisisahau sharia ya njia. Shamba la Bibi limekatwa kati na barabara, nyumba upande huu na msitu wa kuni upande wa pili, upana wa hatua kumi. Gari hili si gari la barabarani. Kwa kawaida haliruhusiwi kufuata njia ya umma isipokuwa ile ambayo mji umeifungua kwa ajili ya magari ya namna hii, na yetu haikufunguliwa. Kuvuka kumeruhusiwa, lakini kuvuka kuna nguzo zake mfano wa ibada: kwanza usimame kabisa, pili uwapishe wote wapitao, tatu uvuke kwa pembe ya takriban nyuzi 90, yaani wima, bila ya kukata kimshazari. Njia yetu hiyo hupita gari moja kwa nusu saa. Basi utanikuta mara nane kwa siku nimesimama ukingoni na shehena ya kuni, nimefungwa kifua, nikitazama kulia, nikitazama kushoto, nikiupisha upepo, kisha navuka nimenyooka kama mtu apimaye kibla. Na namkumbuka fahali mwekundu, ambaye huvuka njia kuu ya Wete kwa pembe aipendayo, akasimama katikati, akafikiri, na daladala zikamsubiri.

Lakini siku moja, jamaa zangu, nilikutana na ndugu. Nilikuwa njiani kwenda kutazama gari la tatu, nikaona kwenye uwanja wa mtu mmoja kitu cheupe, kidogo, pua fupi, kitanda nyuma. Nikamwambia Bibi asimamishe gari. Ilikuwa ni kirikuu! Suzuki Carry, usukani kulia, na injini yake isiyozidi sentimita za ujazo 660, lile lile lituleteao mchele, mabati, maharusi na mbuzi wa Idi. Nililishika mlango. Sioni haya kusema kuwa nililisalimia. Mwenyewe akaniambia kuwa watu wa mashamba sasa wanayataka kwa kuwa bei yake ni ndogo kuliko haya ya ubavu kwa ubavu, ambayo mapya yake mengi huanza kwenye dola elfu kumi na kitu yakapanda mpaka 30,000 na kupita; ila sheria ya nchi nzima ni kwamba gari lisilotengenezwa kwa kanuni za usalama za Marekani haliingii mpaka litimize umri wa miaka 25, na hata likishaingia, majimbo mengine hulikubalia barabara na mengine hulikatazia. Fikirini: Kenya gari likizidi miaka 8 huzuiwa bandarini kwa kuwa limezeeka, huku, kirikuu huzuiwa kwa kuwa bado ni kijana. Gari moja lingeweza kukaa miaka 17 baharini lisiwe na pa kushuka.

Nilimsihi Bibi tulinunue. Akalikagua kwa haki, akaniuliza kama magurudumu yale membamba yatapita katika msimu wao wa matope, ambao ni masika ya theluji iyeyukayo, na ambamo hata gari la takataka huzama. Nikajua jibu nami sikulitamka. Alhasili tuliliacha, nikaligeukia mara mbili.

Haya, tumechagua nini? Daftari langu lilikuwa na safu saba: tumbo, mwendo, mkanda, mafuta, uvutaji, bei, umri. Nililipeleka kwa jirani nikamsomea lote, naye alikuwa anamkama ng'ombe. Aliponisikiliza mpaka mwisho akauliza swali moja: "Fundi wake anakaa wapi?" Sikuwa na safu ya fundi. Gari lililoshinda katika daftari, lile lenye namba nzuri kuliko yote, fundi wake yuko mwendo wa saa mbili, na vipuri vyake huagizwa. La pili kwa uzuri ni lile lile la jamii ya gari lake. Ni la mkono wa pili, lina tumbo la ratili 1,000, kiti kimechanika kidogo, na fundi wake ni yeye mwenyewe, maili moja na robo, na mkanda wa akiba tayari uko ukutani. Bibi akacheka, akaandika hundi.

Likaletwa. Jioni nikampitia jirani, akapanda ubavuni pangu, akajifunga, nami nikajifunga bila ya kukumbushwa. Tukapanda kilima katika gia ya chini, tukazima injini juu kabisa, tukakaa. Hatukusema kitu. Mbele yetu milima ilikuwa imeanza kukidai kile kijani chake. Nilikuwa nataka kumweleza kuwa kwetu kiti hiki cha pili kingekuwa na watu watatu, na tumboni wangekuwa sita, na mtoto juu ya vile vyuma, na hiyo hesabu ya uzito wa jumla ingekuwa ni mzaha. Lakini Kiingereza kikaniishia, nikampa karafuu moja ya zile Shangazi alizonitia katika mfuko wa koti. Akaitafuna, akakunja uso, akatafuna tena.

Sasa nalijibu swali lako, Ami, kwa kadiri ya elimu hii. Gari hili ni zuri, wala simdanganyi mtu. Kwa eka 60 za mlima na matope, na kwa mtu mmoja asiye na vijana wa kumsaidia, ni rehema. Lakini mkanda ukiungua hapo kwetu utaungoja mpya mpaka uvuke bahari mbili, nawe utakaa nyuma ya usukani ukilitazama likiota kutu kwa chumvi. Fahali akiugua, wewe mwenyewe wajua pa kumshika, na usipojua, yuko jirani. Akipakiwa kupita kiasi hugoma, naye hahitaji taa nyekundu. Njia ya kurudi nyumbani anaijua ukilala. Na akizeeka ataliwa, jambo ambalo hili langu halitaliweza hata California.

Ng'ombe usimuuze.